Mama Asiyejua Kuchoka

  Kwa kawaida katika ukurasa huu naanza na ugonjwa, nikaeleza dalili zake na namna ya kujikinga. Leo nitaanza na mtu. Nataka niwasimulie habari za mama yangu mzazi, aliyetulea sisi watoto saba huko Lumuma. Ugonjwa utakuja baadaye, kama ulivyokuja kwake.

Kwa wasiopafahamu, Lumuma ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ndani ya milima ya Usagara, ile inayoandikwa kwenye ramani kuwa milima ya Rubeho. Maji ya mto hushuka bondeni, na wenyeji huyapeleka mashambani kwa mifereji. Ni maji hayo yanayotupa vitunguu. Wewe unayekaanga kitunguu chekundu jikoni kwako huenda umekwisha kula jasho la mama wa Lumuma bila kujua.

Na jasho ni jasho kweli. Kitunguu humwagwa kwanza kitaluni. Baada ya wiki sita hivi miche hung'olewa na kupandikizwa majarubani, mmoja mmoja, kwa mkono. Hakuna njia ya kuifanya kazi hiyo ukiwa umesimama wima. Ukimaliza kupandikiza, palizi inakungoja, nayo ni ya kijembe kidogo, ukiwa umeinama vilevile, maana jembe kubwa litakata mizizi. Halafu kuna zamu ya maji. Mfereji ni wa wengi, kwa hiyo kila shamba lina saa yake, na zamu ikikuangukia usiku wa manane, utaamka usiku wa manane.

Nakumbuka nikiwa na miaka sita au saba nikizinduka usiku na kuona taa ya chemli inatoka mlangoni. Mama alikuwa amembeba mdogo wetu mgongoni, jembe begani, anakwenda kufungulia maji. Asubuhi tulipoamka uji ulikuwa tayari mezani. Kwa akili zetu za kitoto tulidhani mama halali kwa sababu hahitaji kulala.

Alizaliwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, wakati ambapo wasichana wengi wa vijijini hawakupelekwa shule. Kusoma alijifunza akiwa mke wa mtu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yakafunguliwa hata chini ya miembe. Mama alikuwa akitoka shambani, ananawa miguu, anakwenda kukaa na kalamu. Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakisikiliza redio kwa vikundi na kujadiliana, alikuwa tayari anaweza kusoma kijitabu chake mwenyewe. Choo cha kwanza nyumbani kwetu walikichimba yeye na baba wakati wa kampeni hiyo, na mpaka anakufa hakuruhusu mtu kunywa maji yasiyochemshwa. Mimi nasema uuguzi wangu ulianzia pale, si chuoni.

Ikaja miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zilipoadimika madukani. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka tulivyosimuliwa, na wakubwa mliyaona kwa macho. Sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga ni ya kusikia. Mama alifua nguo zetu kwa majani ya mpapai, na Jumapili tulikwenda kanisani tukiwa safi. Khanga yake moja nzuri aliikata vipande viwili ili dada yangu mkubwa naye apate cha kujitanda.

Nilipofaulu kwenda sekondari, karo ilitoka kwenye vitunguu. Wanunuzi walitaka gunia la lumbesa, lililojazwa mpaka likaota kichwa juu na kushonewa kwa kamba, nao wanalipa bei ya gunia moja. Mama alijua kabisa kwamba anapunjwa. Alijaza, akashona, akauza, nami nikaenda shule. Ni gunia ngapi za lumbesa zimekaa ndani ya diploma yangu ya uuguzi, Mungu peke yake ndiye anayejua.

Mambo aliyokuwa hayafanyi

Ninapomkumbuka sasa, nikiwa mtu mzima na mwenye watoto, naona pia mambo ambayo mama alikuwa hayafanyi. Hakuwahi kukaa chini na kula pamoja nasi kuanzia mwanzo wa chakula hadi mwisho. Alipakua, akaenda kuchota maji, akarudi, akala ukoko amesimama. Hakuwahi kulala mchana. Na hakuwahi kusema naumwa. Kichwa kilipomuuma alikifunga kwa kipande cha khanga, akakikaza, akaendelea. Siku zake za mwisho kitambaa kile kilikuwa hakitoki kichwani. Sisi tulikiona kama vazi lake.

Majirani walimsifu. Walisema, "Huyu mama hajui kuchoka." Alipoisikia sifa hiyo aliongeza mwendo. Nasi watoto tuliipenda, maana sifa ya mama ni sifa ya nyumba.

Pasaka ya mwaka 2014 nilikwenda nyumbani likizo. Wakati huo nilikuwa najitolea na akina mama wa kanisa kupima watu shinikizo la damu baada ya ibada, kwa hiyo mashine yangu ilikuwa ndani ya mkoba. Mchungaji aliposikia akaomba niwapime na akina mama wa pale kijijini. Jumatatu ya Pasaka tukaweka benchi chini ya mti, nikapima tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka. Wengine niliwakuta shinikizo liko juu, nikawaandikia barua waende kituo cha afya.

Siku ile nzima mama yangu alikuwa pale pale. Yeye ndiye aliyebeba benchi kutoka kanisani. Yeye ndiye aliyepika chai ya wageni na kuosha vikombe. Mara mbili nilimwita, "Mama, shikamoo yangu haitoshi, njoo nawe nikupime." Mara mbili akanijibu, "Pima wageni kwanza. Mimi wa nyumbani nipo tu." Jioni nikawa nimechoka. Tukala, tukasali, tukalala. Kesho yake alfajiri nikapanda gari.

Wapendwa, mimi niliyekwisha kufunga kile kitambaa cha mashine kwenye mikono ya akina mama nisiowajua idadi, sikuwahi kukifunga kwenye mkono wa mama yangu. Hata mara moja.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo alikwenda zamu ya maji ya usiku. Kulipokucha bila yeye kurudi, kaka yangu alimfuata, akamkuta ameanguka kando ya mfereji, maji yanapita, jaruba limefurika. Mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia haunyanyuki. Wazee wengine walisema amepigwa na upepo mbaya, wakataka afanyiwe dawa kwanza. Saa nyingi zikapita hapo. Baadaye ndipo lilipopatikana gari lililokuja kuchukua mizigo, akalazwa juu ya magunia kwenda hospitali. Nilimkuta siku ya pili. Alinitambua kwa macho, lakini hakuweza kusema. Siku ya nne Bwana akamchukua.

Kwenye mazishi ulisomwa wasifu wa marehemu. Niliuandika mimi. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mchapakazi asiyejua kuchoka, na watu wote wakaitika Amina. Niliposikia maneno yale yakisomwa kwa sauti mbele ya jeneza, nilijua kwamba nimeandika uongo. Mama alikuwa anajua kuchoka. Alichoka miaka mingi. Sisi ndio tuliokuwa hatujui.

Ugonjwa usiopiga hodi

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini shinikizo la damu ni maradhi yanayoweza kumficha hata mwenye kuugua. Mtu anaweza kukaa nalo miaka mingi akilima, akipika na kuimba kwaya, asisikie lolote. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu duniani hawajui kama wanao. Kuumwa kichwa si kipimo chake. Wako wasioumwa kabisa. Kipimo ni mashine peke yake. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikapimwa tena siku nyingine ikabaki hivyo, hilo ni shinikizo la kutibiwa. Likiachwa huharibu moyo na figo, na huleta kiharusi, yaani mshipa wa damu ubongoni kuziba au kupasuka.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, ukishafika miaka arobaini upimwe walau mara moja kila mwaka, hata kama unajisikia mzima wa chuma. Ukiwa uliwahi kuwa na shinikizo la juu au kifafa cha mimba wakati wa ujauzito, usingoje arobaini, maana wewe uko katika hatari zaidi. Chumvi yote unayokula kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya dagaa na vyakula vya dukani. Ukiandikiwa dawa, uzimeze kila siku. Usiziache kwa sababu unajisikia nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Wala usimgawie jirani, kwa kuwa dawa ya mtu hupangwa kwa hali yake.

Na mtu akipinda mdomo ghafla, akaishiwa nguvu mkono au mguu wa upande mmoja, au maneno yakamchanganyikia, huo ndio wakati wa kukimbia. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza, maana anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu, mtafutie usafiri saa ileile, ukumbuke na saa dalili zilipoanza ili umwambie daktari. Habari za upepo mbaya mziache. Kila saa inayopita inakula sehemu ya ubongo.

Mwanamke wa Mithali

Najua kuna atakayeuliza, "Je, Biblia haimsifu mwanamke mchapakazi?" Inamsifu. Sote tunaijua Mithali sura ya 31, na mara nyingi inasomwa siku ya akina mama na siku ya mazishi yao. Mwanamke yule huamka kungali usiku, na taa yake haizimiki. Hapo namwona mama yangu na chemli yake.

Lakini isomeni tena taratibu. Katika mstari wa 15 mwanamke yule ana wajakazi, na kila mmoja anapewa sehemu yake. Hakufanya peke yake. Na katika mstari wa mwisho watu wanaagizwa wampe sehemu ya matunda ya mikono yake. Haikuandikwa kwamba apewe sifa na mashada, halafu matunda wale wengine. Sisi tumechukua mwanzo wa sura tukawabebesha mama zetu, mwisho wake tukauacha ndani ya kitabu.

Tazama pia amri ya Sabato katika Kutoka sura ya 20. Wanaotakiwa kupumzika wametajwa: wewe, mwana wako na binti yako, watumishi wako, hata mnyama na mgeni. Mke hakutajwa kwa jina. Nadhani ni kwa sababu yumo ndani ya neno "wewe". Lakini katika nyumba zetu nyingi ni kana kwamba alisahauliwa kweli. Ng'ombe wa kulima anapumzishwa Jumapili. Mama ndiyo siku yake ya kupikia wageni.

Jambo hili lilifika hata mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliulizwa kama kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango wake katika mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mahakama ikajibu kwamba zinahesabika. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza, kwa kuwa mahakama iliona kiasi alichokwisha kupewa na mumewe kilitosha kuwa fungu lake. Lakini neno lile lilibaki kwa ajili ya wanawake wote: kupika, kufua na kulea ni kazi.

Pamoja na hayo, mpaka leo ninapoandikisha wagonjwa, nikifika kwenye swali la kazi, mume anamjibia mkewe, "Hana kazi, yuko nyumbani tu." Na yule mama aliyeamka saa kumi, akafagia, akachota, akapika, akalima na kunyonyesha, anaitikia kwa kichwa. Sisi Wasagara huhesabu ukoo wa mtu kwa upande wa mama yake. Ingefaa tuhesabu na kazi yake.

Tufanye nini?

Sisemi tuache kufanya kazi. Bila mikono ya mama yangu nisingekuwa na kalamu hii. Wala sisemi kwamba kila nyumba ina uwezo wa kuajiri msaidizi. Nasema mambo machache ambayo kila nyumba inayaweza.

Kwanza, kama mama yako au mama mkwe wako yu hai, mpime. Usimwulize kama anataka, maana atakwambia pima wageni kwanza. Mshike mkono, mketishe, mpime yeye wa kwanza. Kama yuko mbali, tuma nauli na mtu wa kumsindikiza mpaka kituo cha afya.

Pili, mnapomkumbuka mama kijijini, msitume kitenge peke yake. Tumeni na pesa ya kibarua wa kupalilia, au ya kijana wa kushika zamu ya maji ya usiku. Kitenge kizuri atakiweka sandukuni akizikwe nacho. Kibarua atamwongezea siku za kuishi.

Tatu, wana wetu wa kiume wafundishwe kuchota maji, kuosha vyombo na kupika. Mvulana anayemwona mama yake anakula amesimama atamtafuta mke wa kula amesimama. Nanyi akina baba mnaousoma ukurasa huu kwa kujificha, nawasalimu. Wakati wa chakula mwambie mkeo aketi, na maji uyafuate wewe. Hutapungua kitu.

Nne, katika makanisa yetu. Kila semina, kila harusi, kila ugeni wa askofu, wapishi ni walewale, akina mama, na mara nyingi hawasikii hata mahubiri. Tuweke zamu, na vijana wa kiume wawemo.

La mwisho ni gumu kuliko yote, kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe. Tuache kuipenda ile sifa ya kutojua kuchoka. Naijua utamu wake, nami nimeirithi. Mwaka jana mume wangu aliniambia, "Mama watoto, wewe unapima watu wote hapa mtaani. Lini umepimwa?" Nilifungua mdomo kumjibu, nikasikia sauti ya mama yangu ikitaka kutoka. Nikanyamaza. Nikaketi, nikanyoosha mkono, nikamwonyesha namna ya kufunga kile kitambaa. Akapima yeye, polepole, akisoma namba kwa sauti mbele ya watoto.

Mama mwenzangu, ukimaliza kusoma hapa usisimame kwanza. Kaa dakika kumi. Halafu panga siku ya kwenda kupimwa, uwaambie watu wa nyumbani mwako ili wakukumbushe. Na kama una mama, mpigie simu leo.

Bwana awabariki na kuwalinda. Tukutane mwezi ujao.